Kisa cha punda mzee wa Nachingwea aliyekuwa anakula kutwa na bado anakonda

Punda mwenyewe ni jike, kijivu, ana ule mstari wa msalaba mabegani kama wenzake, na umri wake tuliupata kwa kufuatilia safari za mwenye mali maana cheti hana. Mzee ni Msukuma, alikuwa Mbarali kule Mbeya, upande wa bonde la Ihefu, wafugaji walipoondolewa kule 2006 kuingia 2007 na wengi wakaelekezwa huku Lindi na yeye akaja na ng'ombe wake na punda wachache, huyu jike wakati huo tayari alikuwa anabeba mizigo. Kwahiyo piga hesabu mwenyewe, chini ya miaka 22 hawezi kuwa. Kazi yake ni mkokoteni wa maji, madumu ya lita 20 kumi kwa mara moja, asubuhi na jioni, kisima kiko mbali na njia ni ya mchanga.

Mimi nina duka la dawa za mifugo mjini, na mzee alikuja mwezi wa saba akitaka dawa ya minyoo na "ile sindano ya njano" kwa maneno yake, yaani dawa ya ndorobo, ule ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Nikamuuliza, shikamoo kwanza mzee, ng'ombe wangapi? Akasema marahaba, sio ng'ombe, ni punda, ameisha, anakula kutwa nzima halafu anaisha. Hayo maneno "anakula kutwa nzima" ndiyo yaliyonifanya nifunge duka jioni niende kumuona, maana mnyama asiyekula na mnyama anayekula huku anakonda ni kesi mbili tofauti kabisa.

Sasa kabla sijaendelea niseme kitu kimoja kwa wale wanaosoma mambo ya farasi wazee wa Uingereza na Marekani halafu wanataka kuyaleta hapa kama yalivyo. Kule adui ni baridi. Farasi mzee akiingia majira ya baridi anachoma chakula kutafuta joto la mwili, na akiwa mwembamba na amelowa mvua ndio balaa zaidi, ndo maana wanawavalisha mablanketi na wanawazidishia nyasi kavu, kwa sababu nyuzi za nyasi zikichachuka kwenye utumbo mpana zinatoa joto. Huku kwetu kipupwe cha mwezi wa sita na wa saba kipo, upepo wa kusi unapiga, usiku unajifunika shuka mbili, ila hakuna baridi ya kumkondesha punda. Adui wetu ni kiangazi. Mvua za Lindi na Mtwara ni msimu mmoja, zinaanza kama Novemba au Desemba, Mei zimeshakata, na kuanzia hapo nyasi inakomaa, inakuwa mti, mwezi wa nane protini iliyobaki humo ni ya kutafuta kwa tochi. Ila ukiangalia vizuri kisa cha farasi mzee wa kule na punda mzee wa huku kinakutana sehemu moja, nayo ni meno.

Tumuangalie basi alivyokuwa. Uti wa mgongo umechongoka kama paa la nyumba, mbavu unazihesabu ukiwa umesimama mbali, mifupa ya nyonga imetokeza na mapaja kwa nyuma yamebonyea ndani. Lakini tumbo kubwa! Na shingo kwa juu ina mafuta magumu. Hapa watu wengi wanadanganyika, kijana wa mzee alikuwa ananibishia kabisa kwamba huyu hajakonda, ona tumbo. Punda akizeeka misuli ya tumbo inalegea na nyasi ngumu inakaa muda mrefu ndani, kwahiyo tumbo linaning'inia hata kama anakufa njaa, na yale mafuta ya shingoni yakishakuwa magumu hayaondoki hata akikonda vipi. Ukitaka kujua hali ya punda weka mkono mgongoni, mbavuni na kwenye nyonga, ubonyeze. Tumbo na shingo achana navyo.

Nikachukua futi ya fundi cherehani nikapima kifua nyuma ya miguu ya mbele, sentimita 104, na kwa urefu wake makadirio yakaja kama kilo 115. Sio mizani ila ukirudia kupima palepale kila mwezi unajua unapanda au unashuka, jicho peke yake linadanganya hasa kwa mtu anayemuona mnyama kila siku.

Swali la kwanza lilikuwa ndorobo, na mzee hakukosea kulifikiria. Lindi ni nchi ya mbung'o, punda anayekonda taratibu na kuishiwa damu ndorobo lazima ije kichwani. Tatizo ni kwamba alishamchoma sindano mara moja mwenyewe kwa kukadiria kipimo kwa macho kama anavyofanya kwa ng'ombe. Jamani, ile dawa kwa jamii ya farasi na punda nafasi kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni nyembamba sana kuliko kwa ng'ombe, sio ya kubahatisha, na mimi nauza dawa ningefurahi kuuza lakini hiyo sikumpa. Tukamuita afisa mifugo wa kata, akafunua mdomo, ufizi ulikuwa wa pinki sio mweupe, akachukua damu na kinyesi vikaenda TVLA Mtwara, maabara ya serikali ya mifugo. Vijidudu vya ndorobo havikuonekana, na kiwango cha seli nyekundu kilikuwa asilimia 30, ambayo kwa punda ni kawaida. Kutoonekana kwenye kioo sio ushahidi wa mwisho, vinaweza kuwa vichache sana kwenye damu, ila ukiweka pamoja na ufizi mzuri, hana homa, hana uvimbe chini ya tumbo, tukasema tuiweke pembeni. Minyoo ilikuwepo, sio mingi, akapewa dawa ya kunywa ya kipimo chake. Hapo wengi ndo wangeishia, wamchome sindano, wampe dawa, wamwambie mzee aongeze pumba.

Lakini chini pale alipofungwa kulikuwa na vitu vimetapakaa kwenye mchanga, mabonge madogo ya nyasi yaliyoviringwa, marefu kama kidole, yamelowa mate. Nikamuuliza yule kijana hivi ni nini, akasema aah huyo ndo zake, anatafuna anatema. Tangu lini? Tangu mwaka juzi. Dah. Mwaka juzi! Mnyama anatafuna nyasi, anashindwa kuisaga, anaiviringa mdomoni halafu anaitema, anachukua nyingine, anatema. Mtu akipita anamuona kichwa kiko chini anakula kutwa. Tukafumua na kinyesi chake, ndani kuna vipande vya nyasi virefu kupita kiungo cha kidole, vimeingia vikatoka vilevile. Punda mwenye meno mazima kinyesi chake kina nyuzi fupi fupi. Halafu akipewa pumba kavu alikuwa anakohoa na wakati mwingine ute wenye pumba unatoka puani, hiyo ni dalili ya kukabwa kooni, kijana alidhani ni mafua.

Hapo jibu lilikuwa limeshajitokeza, kilichobaki ni mtu wa kuingia mdomoni. Usiingize mkono wako mdomoni mwa punda kwa ushujaa, magego yake yatakukata kidole na hana nia mbaya. Kwa nje unaweza kupapasa shavu ukibonyeza kwenye mstari wa magego, akiruka ujue panauma, na unaweza kunusa, huyu alikuwa ananuka uozo upande wa kulia. Alipatikana daktari wa mifugo aliyekuwa na kazi zake Masasi, akaja na dawa ya kumtuliza na kile chuma cha kutanulia mdomo na tupa ndefu ya meno. Gego moja la juu kulia lilikuwa linacheza, limeoza pembeni, akalitoa karibu bila nguvu. Mawili mengine yameisha, laini kama kokoto ya mtoni. Na kingo zilikuwa na ncha kali, maana taya la juu la hawa wanyama ni pana kuliko la chini, kwahiyo magego ya juu yanabaki na ncha kwa nje yanachana shavu na ya chini yanabaki na ncha kwa ndani yanachana ulimi.

Kijana akamwambia dokta si uyasage yote yawe sawa? Dokta akakataa. Meno ya punda yanaota taratibu maisha yake yote kufidia yanavyolika, lakini uzeeni akiba inakuwa imeisha, ukisaga sana unamalizia kile kidogo kilichobaki. Akaondoa ncha tu, basi. Na akasema wazi kwamba huyu hatarudi kutafuna nyasi ndefu ya kiangazi tena, hilo tusahau.

Kwahiyo sasa ukija kwenye chakula, ambako ndiko watu wanataka nifike. Mzee alikuwa anasema atanunua gunia la pili la pumba. Nikamwambia mzee wangu, chakula unacho, ila kinatakiwa kifike kwake kimeshatafunwa, kazi ya meno tuifanye sisi. Punda wa saizi hii anahitaji kitu kama kilo 2 za chakula kikavu kwa siku, sio nyingi, punda anaishi kwa kidogo kuliko farasi, ila zote zilitakiwa ziwe fupi, laini na zimelowa.

Nyasi zikakatwa kwa panga vipande vifupi visivyozidi sentimita mbili, kazi ya wajukuu jioni, wakilalamika. Juu ya hapo majani ya mbaazi. Hii ndo kitu nataka wenzangu wa Nachingwea, Ruangwa, Masasi, Nanyumbu waielewe, tunalima mbaazi kila mahali, mzizi wake unakwenda chini sana, mwezi wa nane kila kitu kimekauka mbaazi bado ina jani la kijani na jani lenyewe lina protini nzuri, baada ya kuvuna watu wanachoma mabua wakati makapi na majani yake ni chakula. Yalianikwa kivulini, yakapondwa kwenye kinu yakawa kama unga mzito. Majani ya karanga nayo ni mazuri kama yamekaushwa vizuri, yakiwa na ukungu tupa, usimpe hata kidogo.

Kisha pumba laini ya mahindi kutoka mashineni na mashudu kidogo. Wengi watauliza mashudu ya ufuta, mkoa wa Lindi si ndo wenye ufuta? Ndio, ila ufuta wetu unakwenda mnadani kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na unaondoka mzimamzima, mashudu yake hapa mjini hayapatikani kirahisi, kwahiyo tulitumia ya alizeti kutoka kwenye mashine ndogo ya kukamua, yakachekechwa kupunguza maganda. Pumba na mashudu vikachanganywa na maji ya uvuguvugu mpaka viwe kama uji mzito, unaacha vilowe nusu saa hivi halafu unampa. Usiloweke usiku ukampa asubuhi, kwa joto letu kinachacha. Tulianza na konzi mbili tu kwa siku tukapandisha taratibu kwa wiki mbili mpaka ikafika kama robo tatu ya kilo kwa siku ikigawanywa mara nne, maana utumbo wa mnyama aliyekonda hivi ukiushtukiza kwa wanga mwingi unapata msokoto wa tumbo au miguu inawaka moto, na hilo nimelisisitiza kwa mzee mpaka akaona namnyanyasa.

Pumba peke yake ina fosforasi nyingi na chokaa kidogo, ukiitegemea muda mrefu mifupa ya mnyama inaharibika, majani ya mbaazi ndo yanarudisha chokaa. Na chumvi ya mawe ikawekwa pembeni alambe anavyotaka, chumvi Lindi sio ya kutafuta.

Kuna vitu majirani walishauri kwa nia njema nikavikataa. Mmoja alileta chakula cha kuku wa nyama, eti kinanenepesha. Kinanenepesha kuku. Vyakula vingine vya kuku vina dawa za kuzuia kuhara damu, na baadhi ya dawa hizo zinaua moyo wa farasi na punda kwa kiasi kidogo mno, hata chakula cha ng'ombe cha dukani uliza kwanza kimewekwa nini. Mwingine akasema kuna miti ya lusina kwenye uzio wake, majani mengi ya bure. Ng'ombe na mbuzi sawa, ila punda akila lusina nyingi nywele za shingo na mkia zinapukutika na kwato zinaharibika. Kuna aliyetoa mahindi yaliyoingia ukungu ghalani, kwa sababu "ni ya mnyama tu". Mahindi yenye ukungu yanaweza kuozesha ubongo wa punda, anaanza kuzunguka, anagonga kichwa ukutani, siku mbili tatu amekufa. Bora alale na njaa.

Na hili la mikorosho ni letu peke yetu. Kiangazi pale chini ya mikorosho kuna kivuli na nyasi inabaki laini kidogo, kila mtu anamfunga mnyama wake hapo. Lakini Juni mpaka Agosti ndo watu wanapuliza salfa dhidi ya ubwiri unga, ile unga ya njano inatua kwenye nyasi yote, na salfa nyingi tumboni inageuka gesi ya sumu. Punda wa mzee alikuwa anafungwa kwenye mkorosho wa jirani. Tukamhamishia kwenye mwembe. Mabibo nayo yakianza kudondoka mwezi wa tisa na wa kumi punda atayafuata kwa harufu, moja mawili sawa, ila akivamia rundo lililochachuka utamkuta amelala chini anajipiga teke tumbo.

Jambo lililotusumbua kuliko chakula chenyewe lilikuwa wenzake. Kuna dume kijana pale, huyo uji anaumaliza kwa dakika tatu kisha anakuja kwa bibi, anarudisha masikio nyuma na bibi anaondoka. Kwahiyo hata ule mpango mzuri siku za mwanzo nusu yake ilikuwa inanenepesha dume. Mzee akaamua kulitenga, akalipeleka kwa mdogo wake kijiji cha pili. Jike akaacha kula. Siku nzima hagusi kitu, kichwa chini, anaangalia njia. Watu wanacheka ukiwaambia lakini punda anashikamana na mwenzake kwelikweli, na punda akigoma kula ghafla mwili wake unaanza kumwaga mafuta yake kwenye damu kuliko ini linavyoweza kuyahimili, anaweza kufa kwa hilo tu wakati ugonjwa wa kwanza hata haukuwa wa kuua. Ndo maana kwa punda huwezi kusema tusubiri kesho tuone. Nikapiga simu, dume likarudi usiku uleule, asubuhi jike alikula. Suluhisho likawa rahisi, wakati wa kula jike anaingia kwenye kijizizi cha miti, dume linabaki nje wanaonana, akimaliza wanaachiwa pamoja.

Kazi nayo ilibidi ijadiliwe. Mzee anataka maji, familia ni kubwa, siwezi kumwambia amfanye punda pambo. Dume likachukua mkokoteni, madumu yakapungua kutoka kumi kwenda sita kwa safari kwa sababu dume liko peke yake na bado linajifunza, na wakina mama ndo waliobeba hiyo tofauti kichwani, lazima niseme ukweli huo, maana kwenye hadithi za kuokoa mnyama mara nyingi hatumtaji aliyelipa. Jike mwenyewe kumbe alikuwa anapewa maji mara moja tu, jioni, baada ya kuyabeba kutwa. Punda anavumilia kiu kupita kiasi, anaweza kupoteza karibu robo ya uzito wake kwa kukosa maji na akayarudisha akinywa mara moja, na kwa sababu hapigi kelele watu wanadhani hahitaji. Ila punda mwenye kiu anapunguza kula, na chakula kikavu kisicho na maji kinakwama utumboni. Akawekewa beseni, anakunywa anapotaka.

Baada ya mwezi mmoja futi ilibaki palepale 104, mzee akanitazama vile wazee wanavyokutazama. Nikamwambia subiri, kwanza ona kinyesi, nyuzi zimekuwa fupi, na mabonge ya kutema yamepungua. Baada ya miezi miwili 106. Kufikia mvua za kwanza alikuwa 109, tuseme kilo 125 na kitu, mgongo bado unaonekana lakini mbavu unazitafuta kwa mkono, na manyoya ya zamani yaliyokuwa yamegoma kunyonyoka yakaanza kutoka. Hatanenepa zaidi ya hapo sana na sioni haja, punda mzee akiwa na uzito wa wastani unatosha, ukimzidishia unahamia kwenye matatizo ya kwato.

Kuna mfanyabiashara alipita akataka kumnunua, bei nzuri kwa punda asiyefanya kazi, na sote tunajua biashara ya ngozi za punda inavyokwenda. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipitisha zuio la miaka 15 la kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, lakini wanunuzi wa kichochoro bado wapo. Mzee alimjibu kwa Kisukuma, sikuelewa neno hata moja, jamaa akawasha pikipiki yake.

Sasa hivi ni masika, nyasi changa anaimeng'enya vizuri maana ni laini, uji umepunguzwa ukabaki mara mbili. Kiangazi kijacho mzee hataki kimkute hajajiandaa, amesema mwezi wa nne nyasi ikianza kutoa maua, kabla haijakomaa, wajukuu wanaanza kukata na kuanika kivulini, mabua ya mbaazi hayachomwi mwaka huu, na dokta wa meno atarudi kabla mvua hazijakata. Kuna gego lingine upande wa kushoto ambalo alisema analitilia mashaka.